Goli limeshafungwa, simu bado inazunguka

JUMAPILI ya Mei 12, 2024 mashabiki wa Arsenal waliamka na hesabu moja tu kichwani. Wakishinda Old Trafford wanarudi kileleni mwa Ligi Kuu England huku wakibakiza mechi moja. Wakiteleza, Manchester City anabaki na njia nyeupe ya ubingwa.

Mechi ilikuwa saa 12:30 jioni kwa saa za huku. Lakini tangu mchana simu zilikuwa zimegoma. WhatsApp inasuasua, picha hazifunguki, video inazunguka kiduara weee hadi mtu anachoka. Wengi walidhani bando limekata. Wakanunua jingine. Nalo likazunguka vilevile.

Kumbe tatizo halikuwa bando wala simu. Mikongo miwili ya mawasiliano inayopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ilikuwa imepata hitilafu siku hiyo huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi.

Dakika ya 20, Kai Havertz akapiga pasi ya chini, Leandro Trossard akaweka mpira kambani. Kwenye vibanda umiza vyenye dishi kelele zikapasuka. Aliyejifungia chumbani na simu yake, akiamini ameukimbia msongamano wa kibandani, alisikia kelele hizo kupitia dirishani. Kwenye simu yake timu zilikuwa bado zinapeana mikono, kama zilikuwa zinaonekana kabisa.

Bao likabaki hilohilo moja hadi filimbi ya mwisho.

Kesho yake, Jumatatu, intaneti ikiwa bado inachechemea, Yanga walikuwa Manungu, Turiani, kucheza na Mtibwa Sugar. Wakashinda 3-1 na kutwaa ubingwa wao wa 30 wa Ligi Kuu Bara. Kwa Mwananchi halisi hiyo si mechi ya kusimuliwa. Mwenye dishi aliiona yote. Mwenye kutegemea simu alirudi kwenye maisha ya zamani, akawa anapiga simu kwa shemeji na kuuliza, "Ngapi ngapi huko?"

Ndani ya saa 36 hivi, shabiki wa soka wa Tanzania akawa ameonyeshwa kitu ambacho matangazo ya bando hayakisemi. Mpira wa kwenye simu unategemea waya. Na waya huo uko chini ya bahari.

MNARA NI KITUO CHA MWISHO

Watu wengi ukiwauliza intaneti inatoka wapi watakuonyesha mnara wa simu. Si kosa lao, ndio unaoonekana. Lakini mnara ni kituo cha mwisho tu cha safari ndefu. Video ya mechi inayochezwa Ulaya mara nyingi inakuja kwa mikongo inayotua Dar es Salaam, kisha inapita kwenye nyaya za nchi kavu, ndipo inafika mnarani na kurushwa hadi kwenye simu.

Seacom ilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo intaneti ya nchi hii ilipitia zaidi kwenye setilaiti, ilikuwa ghali na polepole, na hakuna mtu aliyewaza kuangalia dakika 90 kwa simu. Mikongo hiyo ndiyo iliyofanya wazo hilo liwezekane. Kwenye kina kirefu cha bahari unene wake haufiki mbali, ni kama mpira wa kumwagilia bustani. Ukikatika, inabidi meli maalumu iende, itafute sehemu ilipokatika, ivute ncha zote mbili juu, mafundi waunge nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, halafu waurudishe chini. Hiyo si kazi ya kusubiri hadi mapumziko. Ni siku, wakati mwingine ni wiki.

Ndiyo maana Mei ile watu waliona intaneti inarudi kwa mafungu. Kampuni zilikuwa zinahamishia mzigo kwenye njia nyingine zilizobaki nzima. Meseji zilianza kupita kwanza. Picha zikafuata. Video, ambayo ndiyo inakula sana, ikawa ya mwisho kupona. Kwa maneno mengine, mpira ndio ulikaa mwisho wa foleni.

Na hata siku ambayo mikongo yote ni mizima, mechi bado ni mlo mzito. Video ya ubora wa juu inaweza kula takribani GB 3 kwa saa. Ukijumlisha mapumziko, dakika za nyongeza na ule uchambuzi wa kabla ya mechi ambao kila mtu anasema hauangalii lakini anauangalia, hiyo ni zaidi ya saa mbili. Ukipunguza ubora, bando linapumua, ila mpira unageuka nukta nyeupe isiyojulikana imepita mwamba au imeingia.

Uliza walioangalia dabi ya Novemba 5, 2023 kwa bando la kuungaunga. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1, mambo bado matamu kwa pande zote mbili. Kipindi cha pili Yanga wakaongeza manne na Simba akalala 5-1. Shabiki wa Msimbazi ambaye simu yake iliganda kwenye moja moja, huenda ndiye pekee nchini aliyelala akiwa na amani. Hadi asubuhi.

KWA NINI JIRANI ANASHANGILIA KWANZA

Hata pale ambapo hakuna kilichokatika, kuna jambo linalowatia mashabiki hasira kuliko kukwama kwenyewe. Nalo ni kuchelewa. Penalti inatengwa, mpigaji anarudi nyuma hatua tatu, na kabla hajagusa mpira mtaa mzima tayari unapiga mbinja. Utamu umeisha. Mtu anabaki kuangalia marudio akijifanya ni mechi.

Hapo hakuna uchawi. Goli linasafiri kwa njia tofauti, na kila njia ina mwendo wake.

Kwa mechi ya setilaiti, picha inatoka uwanjani kwenye gari la matangazo, inarushwa juu, inashuka studio, inawekewa maandishi na sauti ya mtangazaji, inarushwa tena juu na kushukia kwenye madishi ya watu. Setilaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara moja kunachukua kama robo sekunde tu, kwa hiyo umbali si mkosaji mkubwa. Sekunde zinaliwa kwenye kuibana picha ili ipite na kuifungua tena ndani ya king'amuzi. Mwisho wa yote mwenye dishi yuko nyuma ya uwanja kwa sekunde chache.

Njia ya simu ni nyingine kabisa. Picha inakatwa vipande vya sekunde kadhaa, na programu ya simu haianzi kuonyesha hadi iwe imeshika vipande kadhaa mkononi. Inajiwekea akiba, ili mtandao ukiyumba kidogo mtazamaji asione. Akiba hiyo ndiyo kuchelewa kwenyewe. Nusu dakika ni jambo la kawaida, na siku mbaya inafika dakika nzima. Kila inapoganda na kuendelea pale ilipoishia, inazidi kubaki nyuma. Ndiyo maana mtu aliyeanza mechi akiwa nyuma ya jirani kwa sekunde 30, kufikia dakika ya 80 anaweza kuwa anaangalia mambo ya juzi.

Dawa ya hapo wajanja wanaijua. Funga programu kabisa, fungua upya, itaruka hadi kwenye vipande vya karibuni. Gharama yake ni kwamba huenda goli lenyewe liko ndani ya kile kilichorukwa.

Halafu kuna redio. Mtangazaji yuko uwanjani, anaona kwa macho yake, anapiga kelele, na sauti inafika masafa ya FM ikiwa haijabanwabanwa sana. Wapo waliojaribu kuzima sauti ya TV ili wasikilize utangazaji wa redio huku wakiangalia picha. Wanaacha wenyewe. Redio inasema goli wakati kwenye TV mpira uko kwenye mguu wa beki wa kati. Mlinzi wa getini mwenye karedio kake ka betri anajua matokeo kabla ya bosi wake mwenye TV ya nchi 65 ukutani.

Wa mwisho kwenye mlolongo huu, wa kuonewa huruma kwa kiasi tu, ni wale wa mikeka. Wanaobeti mechi ikiendelea wanajua dalili moja. Namba zinafungwa ghafla, hazibonyezeki. Hapo mtu anaelewa kuna kitu kimetokea, kadi au penalti au goli, ila hajui ni cha nani. Anakaa sekunde 40 akiiangalia picha ya zamani kama anayesubiri majibu ya hospitali.

DISHI NALO LINA MANENO YAKE

Ingekuwa ni uongo kusema mwenye dishi hana presha. Masika ya Dar es Salaam yanajulikana. Wingu zito likikaa kati ya dishi na setilaiti, picha inaanza kukatika vipandevipande, sauti inakwaruza, kisha skrini inakuwa nyeusi na maandishi ya kuombea subira. Hapo ndipo unamwona baba mwenye heshima zake yuko juu ya bati na mwavuli, mtoto amesimama mlangoni akipokezana taarifa: "Bado! Bado! Imekuja! Imeondoka!"

Fundi mzoefu akitazama paa tu anajua nyumba hiyo inaangalia nini. Dishi la Azam linaelekea setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo kutoka Dar es Salaam linatazama upande wa magharibi. La DStv linatafuta setilaiti ya nyuzi 36, ambayo kwa mtu wa Dar iko karibu na utosini, ndiyo maana limelala chali zaidi kama sahani inayosubiri wali. Ukiona paa lina yote mawili, jua hapo kuna mtu wa Simba au Yanga ambaye pia ana timu yake Ulaya, na kila mwezi analipa mara mbili.

Kulipa nako kuna siku zake. Pesa imetoka kwenye simu, meseji ya kuthibitisha imeingia, lakini skrini inaonyesha E16. Kila mwenye kibanda anaijua E16 kama anavyojua jina la mwanawe. Maana yake ni kwamba king'amuzi hakijapata habari kuwa kimelipiwa. Na huwa inatokea zikiwa zimebaki dakika 10 mechi ianze, watu wameshatoa hela, benchi zimejaa.

Kwa mwenye kibanda hilo si jambo la kuchekesha. Kiingilio ni shilingi 500, mechi kubwa 1,000. Ukumbi wa watu 60 wakidai warudishiwe, na wengine watano ambao hawakulipa nao wakidai warudishiwe, siku imeharibika. Kuna waliojaribu njia ya mkato, wakaunganisha simu na TV ili waonyeshe kwa bando pale dishi linapogoma. Ilifanya kazi hadi kibanda cha jirani kilipopiga kelele za goli kwanza. Watazamaji walihama wakati mpira unaendelea. Mteja wa kibanda umiza anasamehe benchi bovu, anasamehe joto na moshi wa chipsi. Hasamehi kuambiwa goli na watu wa kibanda kingine.

MABADILIKO MADOGO, KICHWA KIKUBWA

Juu ya hayo yote kuna vile vibadiliko ambavyo havitangazwi kwenye gazeti lakini vinamvuruga shabiki kuliko usajili wa dirisha dogo.

Saa ni moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza wanarudisha saa zao nyuma, huku hatuna habari hiyo. Mechi za Jumamosi zilizozoeleka kuanza saa 11 jioni zinahamia saa 12. Ligi ya Mabingwa Ulaya inatoka saa 4 usiku na kwenda saa 5, na mtu wa kuamka alfajiri anaanza kujiuliza maswali. Jumapili ya mwisho ya Machi inarudi tena. Kila mwaka ni hivyo, na kila mwaka kuna anayefika kijiweni saa nzima kabla, akikuta mwenye kibanda bado anafagia.

Majina ya chaneli ni jingine. Septemba 2020 SuperSport waliacha kuziita nyingi za chaneli zao kwa namba na kuzipa majina ya mashindano. Kwa karatasi ni jambo zuri, Ligi Kuu England ina chaneli yake na La Liga ina yake. Lakini mpaka leo wapo wazee wa kijiweni wanaosema "weka SS3", na kijana mwenye rimoti anabaki kuduwaa.

Waliokuwepo wanakumbuka pia Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Antena za juu ya miti ya mianzi zikawa chuma chakavu kwa usiku mmoja na neno king'amuzi likaingia kila nyumba. Miaka sita baadaye, Agosti 2018, chaneli za bure za ndani zikaondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya kulipia, na watu wakajikuta wanahitaji king'amuzi cha pili ili waone taarifa ya habari. Meza ya TV ikaanza kufanana na duka la fundi.

Na hakuna aliyesahau Januari 2024. Taifa Stars imefuzu Afcon ya Ivory Coast, mashabiki wamejiandaa, halafu DStv wanasema mashindano hayo hawatayaonyesha. Siku chache tu kabla ya mechi ya ufunguzi ya Januari 13 makubaliano yakapatikana na mechi zikarudi. Katikati hapo kuna watu walishakwenda dukani kununua dishi la pili. Hakuna aliyewarudishia.

Wenye haki za matangazo nao wana hoja yao. Mkataba wa Azam Media na TFF uliosainiwa 2021 ulikuwa wa miaka 10 na thamani ya Sh225.6 bilioni, na sehemu ya fedha hizo ndiyo inayolipa mishahara kwenye klabu ambazo hazina tajiri. Kwa hiyo anayeangalia kwa linki ya wizi, ile yenye matangazo ya kamari kila kona na maandishi ya lugha isiyojulikana, anamwibia mpaka mchezaji wa timu yake. Tena nayo inaganda.

Lakini hoja hiyo inakwenda na deni. Dunia nzima mechi zinasogezwa kidogokidogo kwenye programu za simu, na siku moja jaribu la kuweka mechi fulani za huku kwenye simu pekee litakuja. Kwa mtu wa Masaki mwenye intaneti ya waya nyumbani ni sawa tu. Kwa mtu wa Turiani, ambaye mechi ya ubingwa ilichezwa kwake mwaka ule, hiyo ni kumwambia aende akapande kichuguu atafute mtandao. Mechi ya ligi ya ndani ikae kwenye dishi kwanza, simu iwe nyongeza. Na siku mambo yakiharibika, shabiki aambiwe mapema kwa meseji ya kawaida, ile isiyohitaji bando, kabla hajanunua vocha ya tatu akidhani kosa ni lake.

Kwa sasa mashabiki wamejitungia taratibu zao. Wenye vibanda wanaojielewa wanalipia king'amuzi mapema, si siku ya mechi, na wanaweka redio ndogo kaunta kwa ajili ya mvua. Wa simu wamejifunza kuzima taarifa za matokeo zinazoruka juu ya skrini, maana hakuna kinachouma kama kuangalia kona ikipigwa huku juu pameandikwa 0-1. Magrupu mengi ya WhatsApp yana sheria isiyoandikwa kwamba goli likiingia, mtu asiandike chochote mpaka dakika moja ipite, ili na wa bando wafike.

Sheria hiyo inaheshimiwa vizuri sana pale linapokuwa goli la timu nyingine.